Paa Lisiloanikwa Kitu

Kwa miaka mingi watu wa Kinyalu waliamshwa na kinu cha Rebeka. Jua likiwa bado halijachomoza, mchi ulianza, tu, tu, tu, bila haraka, kama hatua za mtu anayejua aendako. Kinyalu ni kijiji kidogo kilichokaa ukingoni kabisa mwa nyanda za juu za Iramba, pale ardhi inapokatika ghafla na kuteremka, jiwe juu ya jiwe, mpaka mbuga ya Wembere. Sauti ikitoka pale haina cha kuizuia. Wachunga ng'ombe waliolala chini mbugani waliisikia, wakaambiana, kumekucha kwa Mama Chediel.

Sasa asubuhi huja kimya. Dorkas, jirani yake wa ua kwa ua, bado hutokea siku akasimama mlangoni na kata ya maji mkononi, akingoja kitu asichokijua, kisha akakumbuka. Nyumba ya Rebeka ipo. Bati lake limeanza kushika kutu kwenye misumari, mlango una kufuli. Kinu kimelazwa ubavu barazani, na kuku wa Dorkas hutagia ndani yake.

Rebeka aliolewa Kinyalu akiwa na miaka kumi na saba. Mama mkwe wake hakumkabidhi ufunguo, maana nyumba ile haikuwa na ufunguo. Alimkabidhi mlima. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wanawake wa pale: mahali unapookota hukumwonyesha binti yako, kwa kuwa binti ataolewa kwingine na siri ataondoka nayo. Ulimwonyesha mke wa mwanao. Mlipanda wawili, alfajiri, bila kusema neno, asije mtu akafuata sauti. Mama mkwe alinyoosha kidole tu. Pale chini ya miti ile mitatu, uyoga, ikipita wiki moja baada ya mvua ya kwanza. Pale kwenye kichuguu, kumbikumbi. Pale penye mawe meusi, mlenda wa majani membamba, ule usiochacha. Mfuru huu unawahi kuiva, ule unachelewa. Na mzizi huu, alionyesha kwa vidole vitatu, maji matatu ya kuchemshia humwagwa, la sivyo utazika watu.

Mama mkwe alipokufa, mlima ukabaki kwa Rebeka. Alute, mumewe, naye akafa kwa kifua, mwaka wa themanini na nne, akiwa amemwachia mtoto mmoja aliyepona kati ya wanne, Chediel, na nyumba moja ya tembe aliyoijenga mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini.

Wakati huo karibu nyumba zote za Kinyalu zilikuwa tembe, nyumba ndefu za miti na udongo, zenye paa bapa la udongo lililo chini kiasi kwamba mtu mzima akinyoosha mkono anagusa ukingo wake. Ukiliuliza paa la tembe habari za mvua litakujibu kwa kusitasita, maana huvuja. Lakini kwa jua lina adabu. Udongo ule hupokea joto polepole na kulitunza, na majani yaliyoanikwa juu yake hukauka yakiwa bado ya kijani. Mbuzi hafiki. Kuku hufika, ila kuku anafukuzika. Rebeka alikuwa na gogo lenye vidato, na kila mwaka kuanzia Januari mpaka Aprili alilipanda mara nyingi kuliko alivyopita mlangoni. Alianika mlenda, mgagani, uyoga, majani ya kunde. Kiangazi matunda ya furu na matonga. Vikikauka alivitwanga, akavijaza kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti alilolikuta kwa mama mkwe wake. Mlenda mkavu, chumvi, chembe ya magadi, maji ya moto: hapo ugali wa mtama ulipata mwenzake, hata Oktoba, mwezi ambao mlimani hakuna jani.

Na kwa kuwa mapaa yalikuwa chini, yalisomeka. Mwanamke aliyepita njia ya kisimani hakuwa na haja ya kuuliza hali ya nyumba, aliangalia juu yake. Paa lililojaa mwezi wa tatu, wenyewe wameshiba hata wakinung'unika. Paa tupu mwezi wa tatu, kuna mgonjwa, au msiba, au uvivu, na yote matatu dawa yake ilikuwa moja. Jioni bakuli lilipelekwa limefunikwa, likawekwa kizingitini, na aliyelileta akazungumzia mawingu. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyeshukuru. Kuomba kulikuwa aibu, na kushukuru kulikuwa kumkumbusha mtu aibu yake.

Chediel aliondoka biashara zilipofunguliwa. Alikuwa mtoto wa miaka ya foleni, miaka ambayo shati jipya lilikuwa habari ya kuzungumzwa kanisani, kisha ghafla marobota ya mitumba yakawa yanashushwa hadharani na yeyote mwenye nguvu ya kupiga kelele akawa mfanyabiashara. Alipata meza Manyoni, karibu na stesheni. Akaoa hukohuko. Jenipher, binti wa mfanyakazi wa reli, alikuwa msichana mwenye heshima na sauti ya upole, ila hakuwahi kulala chini ya udongo.

Walikuja mara moja, Januari ya mwaka wa tisini na nne, mtoto wao Hana akiwa anaanza kutembea. Mvua ilinyesha usiku kucha. Kabla ya mapambazuko tope lilidondoka kutoka darini likampata mtoto usoni, na nyuma ya tope akadondoka tandu. Jenipher hakupiga kelele. Alimfuta mtoto, akaketi naye barazani mpaka kukacha. Rebeka alipotoka kuwasha moto aliwakuta pale, wamejifunika kanga moja.

"Mama, usikasirike," Jenipher alisema. "Siku nyumba hii ikiwa na bati nitakuletea Hana akae nawe. Hata mwaka. Mimi nashinda sokoni, mtoto anashinda kwenye vumbi. Huku kuna hewa."

"Bati," Rebeka alisema.

"Bati tu, mama. Kitu kingine chochote sidai."

Waliondoka baada ya siku tatu. Rebeka hakupata nafasi ya kumpandisha mkwewe mlimani, njia ilikuwa ya utelezi. Lakini neno lile alibaki nalo, akalilinda kama mtu aliyepewa kaa la moto kwenye kigae avuke nalo shamba zima dhidi ya upepo. Jioni alikula peke yake, akaosha bakuli moja, akasema kwa sauti, bati, na nyumba ikanyamaza.

Mwaka wa tisini na sita mtama ulikubali. Masuke yaliinama mpaka yakagusa mikono ya wavunaji, na Rebeka, mwenye shamba la wastani na mgongo wa miaka hamsini na tatu, alipata magunia manane. Mwezi wa saba lori likapanda mlima. Zamani mtama wa Kinyalu ulikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na ukiuvusha kizuizi cha barabarani kwenda kwingine ulikamatwa kama mwizi wa mali yako mwenyewe. Sasa aliyekuwa na lori alinunua. Huyu aliitwa Gasto, mtu wa Singida mjini, na juu ya lori lake, badala ya magunia matupu, kulikuwa na mabati mapya, yanametameta hata wachunga ng'ombe wa chini mbugani waliona kitu kinawaka ukingoni.

"Shikamoo, mama," Gasto alisema. "Nimeambiwa kwako kuna mtama mweupe kama meno ya mtoto."

"Marahaba. Aliyekuambia hakukuambia kwamba hauuzwi?"

"Hauuzwi, unabadilishwa. Gusa hili. Gusa mama, haling'ati."

Rebeka aligusa. Bati lilikuwa la baridi na laini, na kwenye mgongo wake aliona kivuli cha uso wake kimekunjamana. Alifikiria mtoto aliyelala bila kudondokewa na kitu. Kufikia adhuhuri magunia saba yalikuwa juu ya lori na mabati yalikuwa ukutani kwake.

Watu walijaa kutazama. Dorkas alikuwa mbele, mikono kiunoni. Walikuwa marafiki tangu wote wawili walipokuwa wake wapya, na Dorkas alikuwa na ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa.

"Bati zuri, Mama Chediel, sikatai. Lakini utaanika wapi? Utaanika kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine yoyote Rebeka angecheka nao. Lakini miaka miwili alikuwa ameubeba ule moto peke yake, na kicheko kilimpata kama maji.

"Kuanika ni kazi ya wenye tembe," alisema. "Mwenye bati ananunua."

Kicheko kikakatika. Dorkas aliinua kanga yake, akaifunga upya taratibu kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Haya, tajiri wetu," alisema, akaenda zake.

Rebeka alijua papo hapo kwamba amesema vibaya. Alidhani atakwenda kumaliza kesho. Kesho alikuwa na fundi.

Fundi Ignas alilivua paa la Alute kwa siku mbili. Miti mizuri akaifanya kenchi za kushikilia bati, iliyoliwa na mchwa ikawa kuni. Udongo wa miaka zaidi ya ishirini ulimwagwa chini ukutani, ukawa kilima kidogo chenye harufu ya majani makavu. Kisha yakaja nyundo, na nyumba ikawa inang'aa. Rebeka alisimama njiani kuitazama akaona ni ya mtu mwingine. Gunia moja la mtama lilibaki ndani. Hakuogopa. Mei kungekuwa na mavuno mengine, na katikati ya hapo, tangu lini mlima ukamnyima?

Jenipher alitimiza neno lake. Mwisho wa Agosti alimleta Hana, akalala usiku mmoja chini ya bati, asubuhi akasema, "Ahsante, mama," kwa namna iliyomfanya Rebeka ageuke kutafuta kazi ya kufanya. Akarudi Manyoni. Mtoto akabaki.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu, mdogo wa mwili, mwenye maswali. Rebeka alimchukua kila mahali. Hakuwa mke wa mwanawe, na desturi haikusema kitu juu ya mtoto wa namna hii, lakini alimpandisha mlimani na kumwonyesha, kwa kidole, kimya kimya. Kimya hakikumwezekana Hana.

"Bibi, hii inaliwa?"

"Inaliwa."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya ndege."

"Na hii?"

"Hilo ni jiwe, mwanangu."

"Likichemshwa?"

Rebeka alicheka mpaka akakaa chini. Hakukumbuka lini mara ya mwisho sauti yake ilirudi kwake kutoka kwenye miamba. Miezi ile minne alipika chungu kikubwa, akakoroga kwa nguvu za zamani, na asubuhi alitwanga huku kitu kidogo kimeegemea mgongo wake, kikihesabu mapigo na kukosea.

Mvua ilianza Desemba. Ilipopiga bati mara ya kwanza Hana aliziba masikio, kisha akayazibua, akayaziba, akayazibua, akagundua mchezo. Kwenye kile kilima cha udongo wa paa la zamani mlenda ulichipua wenyewe, mbegu zilizoanguka miaka yote ile. Mlimani vitu vilitoka kwa pamoja, kwa pupa, kana kwamba vimeambiwa siri. Rebeka aliokota kwa wiki tatu, akashusha mlenda kwa mafungu na uyoga kwa vikapu.

Hapo ndipo swali la Dorkas lilipomrudia. Alisimika uchanja wa miti minne uani, ukatosha nyungo mbili. Chini kulikuwa na mbuzi. Ng'ambo ya ua kulikuwa na paa la Dorkas, pana, nusu tupu, na gogo lake la vidato limeegemezwa. Alilitazama asubuhi mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu akaazima ngazi ya Ignas, akapanda kwenye bati lake mwenyewe.

Alitandaza majani, akayakandamiza kwa mawe. Bati lilikuwa limeinama na jua lilikuwa kali. Kufikia saa nne lilikuwa haligusiki, na mlenda wa chini ya mawe ukaanza kuwa mweusi, ukitoa harufu ya kitu kilichoungua. Uyoga ulijikunja ukateleza, ukadondoka kwa mbuzi. Rebeka alikuwa kwenye ngazi akijaribu kuugeuza kwa fimbo pale kisulisuli kilipopanda kutoka bondeni. Wanyiramba wote wanavijua visulisuli vya Januari, nguzo za vumbi zinazotembea kama walevi. Hiki kilipita uani kwake bila haraka. Kiliinua mlenda wa wiki tatu, kikauzungusha juu ya nyumba, mzunguko wa kijani na mweusi, wa kupendeza, kikaupeleka ukingoni, kikaumwagia Wembere.

Hana alipiga makofi. "Bibi, umeruka wote!"

Rebeka aliteremka ngazi. Alisema, "Tutaokota mwingine." Lakini siku ile ile mawingu yaliondoka, na hayakurudi.

Wanaoikumbuka ile ya tisini na saba wanajua. Mtama ulifika magotini ukasimama, ukageuka karatasi. Watu walipanda mlimani nyumba nzima nzima, wakachimba mpaka pale ambapo mama mkwe wa Rebeka alinyoosha kidole kimya, na ardhi ilikuwa ngumu, jembe lilirudisha cheche. Gunia la Rebeka liliisha katikati ya mwezi wa tatu. Alimpa Hana kwanza, akajipa makoko ya chungu. Kisha akampa Hana makoko.

Njia ya kisimani wanawake bado waliangalia mapaa wakipita. Mapaa mengi yalikuwa tupu mwaka ule, na mabakuli yalikuwa madogo, lakini yalitembea: vijiko vitatu vya unga, konzi ya mlenda wa mwaka juzi. Walipofika kwa Rebeka waliinua macho, bati likawarudishia jua usoni, wakayashusha. Lilikuwa limenyamaza. Lingenyamaza hivyohivyo kwa nyumba iliyoshiba.

Mwezi wa tano yaliletwa mahindi ya msaada. Watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, na karani wa kamati, kijana mwenye kalamu sikioni, akasema mahindi hayatoshi, ni ya wasiojiweza, hivyo wenye mabati wasogee upande ule. Waliosogea walikuwa wanne: mwalimu, mwenye duka, mke wa mwenye mashine ya kusaga, na Rebeka.

"Bibi," Hana aliuliza kwa sauti, "sisi tunajiweza?"

Wachache walicheka, kicheko cha njaa, kisicho na ubaya. Rebeka angeweza kusema. Maneno yalikuwa mepesi: nina bati, sina unga. Aliyatafuta mdomoni akakuta yale mengine aliyoyasema mbele ya watu walewale mwaka uliopita, bado yamekaa palepale. Katika ule mstari mwingine Dorkas alimtazama, kisha akautazama mfuko wake.

Siku iliyofuata, alfajiri, kinu kilianza kama kawaida. Na siku nyingine. Wiki nzima, wiki mbili, tu, tu, tu.

Asubuhi moja Dorkas alisimama uani bila kupiga hodi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa ukingo wa bati. Alikwenda moja kwa moja kwenye kinu, akachungulia ndani, akamtazama Rebeka aliyeshika mchi kwa mikono miwili iliyokuwa imebaki mifupa.

"Wiki ya pili hii unatwanga mti mtupu."

"Natwanga mlenda."

"Mama Chediel. Mimi nimekulia kati ya vinu. Mlenda una sauti ya mchanga. Mtama una sauti ya mvua. Hii yako ni sauti ya mlango."

Rebeka alishusha mchi. Ndani, kwenye kitanda cha kamba, Hana alikuwa amelala macho wazi, nywele zake zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, nyayo zimevimba.

"Mtoto akisikia kinu anatulia," Rebeka alisema. "Anajua kitu kinakuja. Nikiacha anaanza kuuliza."

Kwa mara ya kwanza tangu walipofahamiana ulimi wa Dorkas ulikuwa unatafuta njia.

"Na mimi nilikuwa nalitazama bati lako nasema, huyo ananunua."

"Nilisema hivyo."

"Ulisema."

Mbuzi alipita. Dorkas alitoa bakuli chini ya kanga, mahindi ya msaada yaliyokobolewa, akaliweka kizingitini. Kisha akageukia upande wa Shelui, akakinga macho kwa kiganja, akasema kama inavyotakiwa kusemwa:

"Naona kama kuna mawingu kule."

Hapakuwa na hata moja.

"Naona," Rebeka alisema.

Bakuli la Dorkas lilikuja kila siku ya pili, na Rebeka alijua linatoka kwenye midomo ya wajukuu wa mwenziwe. Aliweza kuhesabu. Nyumba mbili hazifiki mwezi wa nane kwa mfuko mmoja. Kwa siku tatu alizunguka uani akigombana na nafsi yake. Miaka yote ile alikuwa amemtaka mtoto huyu, akampata, na sasa kila asubuhi aliyobaki naye ilikuwa asubuhi anayomla. Siku ya nne alikwenda kwa mwalimu, akamwomba amwandikie barua. Mwalimu aliuliza aandike nini. Rebeka alisema: "Njooni mmchukue Hana. Mlima umekauka." Mwalimu akasubiri. "Basi," alisema Rebeka.

Jenipher alifika baada ya siku kumi, amepanda mlima kwa miguu kutoka Misigiri, mfuko wa unga kichwani. Alipomwona mtoto alikaa chini pale pale uani, akamweka mapajani, akamminya miguu kwa kidole gumba, akatazama mashimo yanavyobaki.

"Mama," alisema mwishowe, "mbona hukusema mapema?"

"Ungemchukua."

Jenipher alifikiria. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Ndiyo. Ningemchukua."

"Basi."

Jioni walipika ugali, watatu, wakala. Jenipher alimwambia afunge mzigo waende wote, Chediel atafurahi. Rebeka alisema mvua zikirudi nani ataokota? Asubuhi aliwasindikiza mpaka kwenye mawe meusi. Hana alikuwa mgongoni kwa mama yake, shavu limelazwa, amechoka hata kuuliza. Njia inakata kona pale, na mtu akishaikata huwezi kumwona tena mpaka afike bondeni, na huko chini watu wote wanafanana.

Mvua zilirudi. Zilirudi Novemba ile kwa kishindo, zile mvua kubwa zilizobomoa madaraja nchi nzima, na mlima ukatoa kama haujawahi kutoa: uyoga wa ukubwa wa sinia, mlenda mpaka njiani, mpaka kwenye makaburi. Rebeka alimchukua Dorkas alfajiri moja, akampandisha, akanyoosha kidole. Mahali pote. Dorkas alielewa anachopewa, akafunga mdomo wake njia nzima, jambo ambalo kijiji kingelipa kuliona. Walianika pamoja juu ya paa la Dorkas, wakikimbizana na jua kati ya manyunyu, wazee wawili juu ya gogo moja la vidato. Kilindo kilijaa mpaka mdomoni.

Kilijaa, na mlaji alikuwa mmoja. Mlenda mkavu ni kitu cha ajabu, kijiko kimoja kinavimba kikajaza chungu kizima. Rebeka alipika kijiko, akala siku mbili, akapasha, akala ya tatu. Alfajiri alitwanga, sauti ya mchanga, sauti ya kweli sasa, na hapakuwa na kitu mgongoni mwake kinachokosea kuhesabu. Februari ilikuja barua ya Chediel: Hana amepona, ameanza chekechea, hawezi kuacha. Rebeka alimrudishia mwalimu barua aisome tena, kana kwamba mara ya pili ingesema lingine.

Mwezi wa sita, baada ya mavuno, alijaza mlenda kwenye mfuko wa khaki, akampa Dorkas ufunguo wa kufuli jipya.

"Nakwenda kusalimia tu," alisema.

"Salimia," Dorkas alisema. "Kinu nisikiguse?"

"Kiguse. Kitapasuka kikikaa bila kazi."

Manyoni hakuna mlima. Kuna reli, na macho yakiifuata yanakwenda mpaka yanachoka. Hana, mashavu yamejaa, alimkimbilia bibi yake getini, akabeba mfuko mwenyewe, na jioni Rebeka akapika. Mtoto alionja mlenda akasema, "Una harufu ya kwa bibi." Kisha akauliza kama kuna wali.

Dorkas hakukigusa kinu.

Huu ni mwaka wa nne tangu safari ile ya kusalimia tu. Rebeka anaishi Manyoni, chumba cha uani, nyumba ya tatu ukivuka reli.